Kadi ya Chini ya Droo

Mhariri aliikuta kadi hiyo chini kabisa ya droo, akaisoma mara moja, akaifunika kwa kiganja.

"Hiyo je?" akauliza mjane.

Tangu asubuhi walikuwa wakipanga kadi za marehemu, wiki mbili baada ya maziko. Miaka kumi na tisa alitunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili katika chumba hiki, meza yake ikitazamana na ya Mhariri. Mifano ya kubuni hakutaka hata kuisikia. Kila mfano ilibidi utoke kinywani mwa mtu, na chini ya kadi aliandika herufi za jina la msemaji na tarehe. Ungemwambia umefiwa na paka, angekupa pole huku anatafuta kalamu.

"Ni kitenzi, shemeji. *Redamate*. Kumpenda anayekupenda. Asili yake Kilatini, kupenda na kurudisha. Siku hizi hakitumiki tena."

Mjane akaivuta kadi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alijisumbua bure. Mwandiko wa marehemu ulikuwa kama kuku amechakura, na duniani alibaki mtu mmoja tu wa kuusoma.

"Dada, hakuwahi kunitamkia kwamba ananipenda. Hata siku moja. Maneno yote aliyamaliza huku kwenu." Akamrudishia kadi. "Nisomee mfano. Labda hapo alinitaja."

Mhariri akaipokea kadi. Akakohoa kwanza.

"'Mke wangu ananipenda,'" akasoma polepole, "'nami nampenda vilevile.'"

Mjane akaangua kilio, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Alipotulia akaomba aende na kadi.

"Nitakuletea mwenyewe, shemeji. Ngoja kwanza ipigwe chapa."

Wakakumbatiana kwa muda mrefu. Mjane akashuka ngazi akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa anatabasamu.

Mhariri akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake, akaisoma tena kadi, safari hii kama ilivyoandikwa.

"Nimekupenda tangu siku ya kwanza. Nawe, je, unanipenda?"

Chini yake palikuwa na tarehe ya miaka saba iliyopita, herufi za jina la Mhariri mwenyewe, na maneno mawili ya marehemu: Mfano safi.