Springi ya Mlango wa Siri

Mwanahawa ndiye aliyeng'ang'ania sanduku la mazingaombwe likaguliwe kabla ya onyesho. Yeye ndiye hulala ndani, na upanga wa mumewe unapopenya, huwa ameshatoroka kwa mlango wa siri.

Fundi Shekue akaichomoa springi ya mlango huo.

"Shemeji, hii imekerezwa kwa tupa. Ingekatika leo leo."

"Kutu hiyo," mumewe akasema.

"Kutu haing'ai, bwana."

Fundi akapekua kopo la vyuma chakavu, akapachika springi ya mwavuli.

"Haya mke wangu, ingia tujaribu."

Mwanahawa akavua viatu, akavipanga kando ya sanduku. Kisha akauchukua upanga.

"Leo ingia wewe."

Mumewe akacheka. Akaendelea kucheka, mguu haunyanyuki.