Shamba Nyuma ya Uzio

Miaka ishirini Sekiondo alitunza makaburi ya vita, mawe meupe yenye majina ya maofisa. Nyuma ya uzio alilima mahindi, maana udongo wa pale ulikuwa mweusi ti, wenye rutuba ya ajabu.

Asubuhi hiyo alimkirimu mgeni wake, Bi Mwanaheri, kwa hindi la kuchoma. Mama huyo akakunjua ramani kuukuu.

"Babu yangu alikuwa mpagazi wa jeshi. Wapagazi hawakuwekewa mawe, baba. Walizikwa pamoja, mia tatu."

Kidole chake kilivuka mstari wa uzio, kikatua juu ya shamba. Kisha akapeleka hindi mdomoni.

"Mama, usile!"

Nyuma ya uzio mahindi yalisimama mistari kwa mistari, kama yanayongoja kuitwa majina.