Mwendo wa Saa Moja hadi Mbeya

Kulsumu, mke wa mwenye duka, alishuka kwenye mizani akitabasamu.

"Kilo hamsini na nane! Tangu nimzae Hamis sijawahi kuwa mwepesi hivi."

Rubani aliandika. Uwanja wa ndege wa Sumbawanga haukuwa na mizani, kwa hiyo alikuwa ameagiza iletwe ile ya ghalani, ya kununulia mahindi ya vijiji vya ujamaa. Karani wa ghala, Beda, ambaye naye alikuwa abiria, alifika na kuikuta imeshawekwa kwenye nyasi.

Wakapimwa mzee Zenon, mkulima wa Msanzi, na mkewe Dominika, aliyekuwa akienda kupasuliwa macho. Kisha akapimwa Beda, na mwisho mizigo yote kwa pamoja.

"Mbeya ni kilometa mia mbili na thelathini, mwendo wa saa moja," alisema rubani. "Lakini huku juu hewa ni nyepesi na uwanja ni mfupi. Mwisho wangu kilo mia tatu. Tuna mia mbili tisini na tano. Pandeni."

Beda hakupanda. Kesho yake saa mbili asubuhi alitakiwa Mbeya kukabidhiwa ukuu wa manunuzi. Akichelewa, cheo anapewa karani mwenzake, Leonsi. Na kwa lori, katika tope lile la masika, Mbeya ilikuwa siku mbili.

"Ndugu rubani, tukizidisha kidogo je?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Tuseme kilo hamsini."

"Tutaishia kwenye ile mikaratusi ya mwisho wa uwanja."

Beda aliitazama mikaratusi. Aliogopa, tena sana. Jasho lilimtoka, na asubuhi za Ufipa hazina joto la kumtoa mtu jasho. Akaushusha mfuko wake kutoka kwenye ndege.

"Nendeni tu. Mimi nitapanda lori."

"Lakini uzito hauna tatizo," rubani alishangaa.

"Mama anaumwa macho. Msimbane."

"Na cheo chako, mwanangu?" aliuliza Zenon.

"Kitasubiri, mzee."

Wote walijua hakitasubiri. Zenon alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlenga.

"Mahindi yangu yote nimekuuzia wewe, miaka mitatu. Sikujua namuuzia mtu wa namna hii."

Beda aliinamisha kichwa. Ndege ilikimbia, ikainuka, ikaipita mikaratusi juu kabisa. Kulsumu alipunga mkono dirishani mpaka akapotea.

Beda alipobaki peke yake, alichuchumaa nyuma ya mizani akafungua kifuniko. Kipande cha chuma alichokifunga humo mwenyewe, cha kupunguza kilo kumi katika kila gunia la mkulima, kilikuwa bado mahali pake. Kwa kuwa sasa angebaki kuwa karani, alikikaza vizuri, akarudisha kifuniko.