Siku Saba za Konokono

Usijifanye hukuona. Barua pepe zile za mafundi zilitumwa kwa wote, nawe ukazipita kama watu wapitavyo ugomvi wa barabarani: jicho moja, kisha huyoo.

Konokono alikuwa ameleta kiraka chake, yaani marekebisho ya programu, kwa mara ya nne. Jina hilo alipachikwa na Bawabu, fundi aliyekabidhiwa kuamua ni kazi zipi za watu wa kujitolea ziingie katika mfumo wa bure unaoendesha kompyuta zetu, na zipi zitupwe. Kiraka kilirekebisha programu kongwe inayoifanya kamera ihesabu kope zinavyopepesa. Kikikataliwa, programu nzima ingeng'olewa kwenye toleo jipya.

"Kuhesabu kope!" Bawabu alimgeuzia skrini shemeji yake, waliyegawana naye meza. "Mchezo wa watoto."

"Lakini kazi safi, shemeji. Sijaona kosa hata moja."

"Kwako mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nitakayeilea miaka kumi ni mimi."

Akamwandikia Konokono: taja mtu mmoja anayeitumia. Una siku saba.

Siku ya tatu likaja jibu: *mimi*

"Mwenye duka hajihesabu mteja," Bawabu akajibu. "Unaitumia kwa kazi gani? Eleza kwa maneno kamili."

Siku ya saba: *subiri naandika*

"Anaandika!" Bawabu alipiga meza, chai ikamwagika. "Maneno anayanunua kwa mizani huyu? Hata herufi kubwa hana, wala nukta."

"Mwongezee siku tatu, bwana. Huenda anaumwa."

"Mgonjwa gani anashinda kwenye kompyuta toka asubuhi mpaka jioni? Namwona, taa yake ya kijani mtandaoni haizimiki. Dharau tu."

Shemeji akarudia kazi yake. Bawabu naye moyo haukumtulia. Alifuta chai ile mara tatu, meza imeshakauka. Kisha akawaandikia wote: mwenye pingamizi aseme.

Hakusema mtu. Kwa desturi yao, kimya ni ridhaa. Programu ikang'olewa, na Jumatatu toleo jipya likatoka.

Alhamisi ikaingia barua kutoka anwani ya Konokono. Ndefu, yenye herufi kubwa, na kila nukta mahali pake.

"Mimi ni dada yake. Kompyuta ya kaka yangu ilijisasisha yenyewe Jumatatu, akiwa katikati ya maelezo mliyomdai. Mwaka wa sita huu hatikisi kitu mwilini isipokuwa kope, na kwa kope hizo ameandika kila herufi mliyowahi kuisoma. Tangu Jumatatu ananitazama tu, nami sijui anataka nini. Mko mia nne mnaosoma hapa. Msinitumie pole. Irudisheni programu ile, sasa hivi."