Sukari kwa Ushahidi

"Onja tu," mkewe alimwambia tena. "Kidole kimoja, ulimi mmoja, tunywe chai."

Mtaalamu alimtazama kwa huruma, kama fundi anavyomtazama mteja aliyejaribu kutengeneza redio kwa kuipiga makofi.

Mbele yake, juu ya meza ya jikoni, yalikaa makopo mawili yaliyofanana kama mapacha. Moja lilikuwa na sukari, jingine chumvi. Lipi ni lipi, ndiyo ilikuwa kesi. Jikoni kulikuwa kumepangwa upya: vikombe vimepanda juu, sufuria zimeshuka chini, na pakiti zenye maandishi zimetupwa.

"Ungeniuliza kabla ya kuhamishahamisha vitu," Mtaalamu alilalamika.

"Sijagusa kitu mimi."

Bila shaka. Makopo yaliota miguu. Mtaalamu hakuona faida ya kubishana na mtu asiyejua hata atomi ni nini.

Yeye alijua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, lakini tangu anunue kitabu cha kemia kisicho na jalada, redio za watu zilikuwa zimelala kabatini zikingoja rehema. Alisoma akila, alisoma akitembea, alisoma msalani mpaka watu wakagonga mlango. Kitandani alimsimulia mkewe habari za elektroni, na mkewe hakuwahi kulala usingizi mnono kiasi kile. Hata chakula, ambacho siku hizi kilikuwa kitamu ajabu, alikisifia bila kuinua macho.

"Shukrani zitafika," mkewe alikuwa akijibu.

Sasa maji yalikuwa yamechemka hadi yakachoka, na mkewe naye akachoka. Akasema kama hiyo sayansi ni ya kweli, basi waiwekee dau. Mtaalamu akikosea, akanywa chai ya chumvi, atoe baraka zake mama mkwe ahamie kwao, na asinune.

Mtaalamu alishtuka. Jambo hilo alikuwa amelikataa mwaka mzima, kwa sababu nzito za kitaalamu: mwanamume anayefikiri anahitaji utulivu, na yule mama, alivyomkumbuka tangu siku ya harusi, ana sauti. Akakubali dau kwa sharti moja. Akipatia, mama mkwe hahamii, na jambo hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba ile.

Mkewe alitupia jicho chumba cha nyuma.

"Haya," akasema. "Mwenye nyumba si ni wewe."

Kazi ikaanza. Kutoka kila kopo alichota kijiko, akakoroga kwenye glasi ya maji ya mvua. Akatoa betri, nyaya na taa ndogo aliyoing'oa kwenye redio ya mteja mmoja mvumilivu.

"Chumvi," alihubiri, "ni ndoa ya kuporana. Atomi moja imemnyang'anya mwenzake elektroni. Ukiwatia majini wanaachana, kila mmoja anaondoka na chaji yake, na umeme unapata wa kuubeba. Sukari ni watu wastaarabu. Atomi zake zinatumia elektroni kwa ushirika, hakuna wa kumpora mwenzake. Majini molekuli zinatawanyika, ndiyo, lakini kila molekuli inabaki nzima, kama familia moja. Haina chaji. Umeme haupiti."

"Kwa hiyo wanaokaa pamoja kwa kugawana hawasumbui mtu?"

"Hata kidogo," alisema Mtaalamu, akafurahi kwamba mwanafunzi anaanza kuelewa.

Akatumbukiza nyaya kwenye glasi ya kwanza. Taa ikawaka. Akazitumbukiza kwenye ya pili. Giza.

Mtu wa kawaida angeridhika. Mtaalamu akachukua kijiko kizuri kuliko vyote nyumbani, akachomea juu yake unga wa kopo la kwanza. Ukapasuka-pasuka, ukabaki mweupe vilevile. Akaufuta, akatia wa kopo la pili. Huo ukayeyuka, ukawa kahawia, ukafuka moshi, na jikoni kote kukanukia peremende. Akaeleza kwamba molekuli za sukari zimeshikana kwa mikono milegevu, moto mdogo tu unazibandua, ilhali chumvi inataka tanuri. Kijiko kilikufa kwa ajili ya elimu. Pua peke yake ingetosha kumaliza kesi, lakini pua haina cheti. Yeye pia hakuwa nacho, ila hilo halikuwa swali la siku hiyo.

Akachota kutoka kopo la pili, akatia kwenye kikombe cha chai, akakoroga, akafumba macho, akanywa.

Tamu.

Mtaalamu alikaa kitini taratibu, kama hakimu anayejua hukumu yake haina rufaa. "Mama yako hahamii hapa," akasema. "Si mimi ninayekataa. Ni sayansi."

Mkewe hakubisha. Alimimina chai kwenye kikombe kingine, akatia sukari iliyothibitishwa, akaenda kugonga mlango wa chumba cha nyuma.

"Mama, chai."

"Mwambie mkwe nashukuru," sauti ikajibu kutoka ndani. "Na akimaliza utafiti wake anirudishie miwani yangu. Ameivaa tangu wiki ile niliyohamia."