Taa Kumi na Mbili

"Ulihesabu taa ngapi?" mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi aliuliza kwa mara ya tatu.

"Kumi na mbili," mzee alijibu.

Karani akaandika. Watu wote chumbani walisema na mzee kwa sauti ya chini, kama wasemavyo na mfiwa. Binti yake wa pekee alikuwa miongoni mwa abiria arobaini na mmoja walioteketea ndani ya ndege iliyoanguka.

Kazi ya mzee ilikuwa moja tu. Kila asubuhi ya ukungu alisimama mwisho wa njia ya kurukia ndege, akahesabu taa za kando zilizoonekana, kisha akapiga simu kwenye mnara wa kuongozea ndege. Zikiwa chini ya nane, hakuna ndege inayoruhusiwa kutua. Siku ya ajali alisema kumi na mbili. Mnara ukampa rubani ruhusa, rubani akateremka, akagonga tuta mita mia tatu kabla ya kuifikia njia.

"Mimi nilipofika na gari sikuziona hata buti zangu," alisema mkuu wa zimamoto.

"Basi ukungu ulifunga ghafla?" mwenyekiti aliuliza.

"Lazima iwe hivyo. Huyu tunamwita Jicho, bwana. Miaka ishirini na mbili hajakosea taa hata moja. Niliwahi kubishana naye, nikaishia kumnunulia soda mbili."

Wawili watatu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo.

"Hata ungefunga ghafla," mwenyekiti alisema, "rubani asipoziona taa anatakiwa apae tena. Hakupaa. Mzee akishatia sahihi maelezo yake, tumemaliza. Jioni tutatangaza kwamba kosa ni la rubani."

Wakapumzika ili karani apige chapa. Mjane wa rubani, aliyekuwa amekaa nyuma peke yake tangu asubuhi, akaja akaketi kando ya mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Pole kwa msiba."

"Pole nawe, mama. Yote ni msiba mmoja."



"Nasikia mlikuwa hamwachani, wewe na binti yako."

"Alikuwa akinisindikiza kazini kila alfajiri," mzee alisema. "Mpaka kule mwisho wa njia. Nikishapiga simu, ndipo anakwenda shuleni kwake kufundisha. Wenzangu walikuwa wakinitania, eti nina mlinzi. Wiki ile akaenda semina. Wiki nzima jua tu, anga safi. Ukungu ukachagua siku yake ya kurudi."

Mjane alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua.

"Watoto wangu wataisikia redio jioni," alisema. "Watasikia kwamba baba yao aliua watu kwa kukurupuka. Baba, yule hakuwa mtu wa kukurupuka. Hata chumvi alikuwa akiionja kwanza kiganjani ndipo aitie. Akiwa angani, akiambiwa jambo na watu wa chini, aliliamini kama neno la mama yake."

Mjane akafungua mkoba wake, akachukua bahasha.

"Wewe ndiye wa kutia sahihi. Mtazame kwanza."

Alitoa picha kwenye bahasha, akamtilia mkononi. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaikazia macho kwa muda mrefu.

"Ana uso wa mtu mtulivu," alisema.

Mjane alikuwa akitazamana na mume wake, anayetabasamu katikati ya vidole vya mzee. Upande aliokuwa akiutazama mzee ulikuwa karatasi nyeupe tupu.

Karani alikuwa akija na maelezo.

"Baba," mjane alinong'ona, "nani alikuwa akizihesabu zile taa?"

Mzee alishusha mikono.

"Binti yangu."