Kopo la Rangi Mbili

Dawa za kuua vijidudu zimegoma zote, hivyo visu vimepigwa marufuku majumbani. Vitunguu huletwa vimekatwa tayari, na mwenye mkwaruzo hupelekwa kambini. Wengi hawarudi.

Zamda aliibua kopo kuukuu uvunguni mwa kitanda cha bibi yake, akalifungua kwa nguvu. Ndani mlikuwa na kapsuli chache, nusu nyekundu nusu nyeusi.

"Bibi, hizi nini?"

Bi Siwema akatabasamu. "Rangi mbili! Enzi zetu ukipata nafuu siku ya pili unaacha, zilizobaki unamwekea jirani."

"Mwalimu anasema vijidudu vilivyosalia ndivyo vilivyozizoea dawa."

"Ningemalizaje peke yangu, na mwenzangu anaumwa? Tulipendana, mjukuu wangu."

Zamda alikuwa akinyonya kidole. Bi Siwema akakitazama kifuniko: ukingoni palikuwa na kutu, na damu mbichi.